Muhula Uliofunguliwa kwa Mtumbwi

Jumatatu ya tarehe 29 Aprili, 2024, alfajiri, nilikuwa nimesimama katika kituo cha mabasi cha Malindi pamoja na mjukuu wangu, yeye akiwa amekalia sanduku lake la bati ambalo nyanya yake alilipanga usiku uliotangulia kwa utaratibu wa mtu apangaye vyombo vya arusi, sare chini, madaftari katikati, sabuni na mafuta juu, ndipo simu za wazazi waliotuzunguka zilipoanza kulia moja baada ya moja, na habari ikapita mdomo kwa mdomo kwamba Waziri wa Elimu, Ezekiel Machogu, ameahirisha kufunguliwa kwa shule kwa muda wa wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Wako waliokuwa wamekwisha kulipa nauli, na wako waliokuwa wamesafiri usiku kucha kutoka vijiji vya ndani. Mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu alikaa kitako juu ya magunia yake, akatazama barabara kwa kitambo kirefu, kisha akawaambia wanawe wawili wavue viatu vya shule ili visichakae.

Hakuna aliyenung'unika sana pale kituoni, kwa maana habari nyingine zilizofuata zilikuwa nzito kuliko nauli. Alfajiri hiyo hiyo huko Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, maji yalikuwa yamefurika kwa ghafula yakachukua nyumba na watu waliokuwa wamelala ndani yake, makumi yao. Na siku moja kabla, karibu na Madogo mkabala wa mji wa Garissa, boti iliyokuwa ikivusha wasafiri pale ambapo barabara imemezwa na Mto Tana ilipinduka, na watu wakaghariki. Tarehe 3 Mei Rais William Ruto aliahirisha tena ufunguzi wa shule, mara hii pasipo kutaja siku, kwani kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kikiinyemelea pwani ya Tanzania na yetu. Tarehe 8 ikatangazwa kwamba milango itafunguliwa Jumatatu ya tarehe 13. Na baina ya siku hizo, Ijumaa ya tarehe 10, taifa zima lilipumzika kazi ili kuwaomboleza waliokufa, ambao idadi yao ilikuwa imekwisha kupita 230, na kupanda miti. Zaidi ya watu laki mbili walikuwa hawana makao.

Mjukuu wangu alirudi shuleni kwake tarehe 13 bila ya taabu, kwa kuwa shule yake iko juu ya mawe na barabara yake ni ya lami. Mimi nilipanda basi la upande wa pili, nikaelekea Garsen, kwenda kuitazama shule ndogo ya msingi iliyo ukingoni mwa Tana ambako nilianza kazi ya ualimu nikiwa kijana, na ambayo sitaitaja jina, kwa maana wenyewe hawakuniomba kuitangaza, na kwa maana yaliyotokea pale yalitokea, kwa sura mbalimbali, katika shule nyingi za mto ule. Nilikuwa nikijua kwamba haitafunguliwa siku hiyo. Mtu aliyekaa na Tana hahitaji kuandikiwa barua ili ajue hivyo. Hutazama rangi ya maji, na urefu wa majani yanayochungulia juu yake, akajua.

Tana hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita katika nchi kavu ya nyika kwa mwendo wa karibu kilomita 1,000, ukaingia baharini Kipini, mahali ambapo mapokeo ya watu wa pwani yamelihifadhi jina la Fumo Liyongo hata leo. Aghalabu hufurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli, na asidhani msomaji kwamba mafuriko hayo ni adui tangu asili. Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo zake tangu dahari, hupanda mpunga katika tope lililoachwa na maji, na migomba na miembe yao husimama kwa unyevu huo. Waorma, ambao ni wafugaji, huleta ng'ombe wao mtoni kupitia njia ziitwazo malka wakati nyika imekauka, wakakuta majani mabichi ambayo yasingalikuwapo lau si mafuriko. Maziwa madogo ya kando ya mto, kama Shakababo na Bilisa, hujazwa na maji hayo, na kambare wakazaana humo. Mwaka 2012 nyanda hizi za mwisho wa mto ziliingizwa katika orodha ya ardhioevu za dunia zinazostahili kuhifadhiwa kwa mkataba wa Ramsar. Kwa hiyo mzee wa mtoni akikuambia kwamba maji yamechelewa, huenda analalamika kama vile mkulima wa bara alalamikavyo kwamba mvua imechelewa.

Lakini iko tofauti baina ya maji yajayo kwa desturi na maji yajayo kwa kufunguliwa. Juu ya mto yako mabwawa matano ya kuzalisha umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Masinga, lililo kubwa kuliko yote na lililokamilika mwaka 1981, likijaa hadi ukingoni hupitisha ziada yake, na ziada hiyo haina pengine pa kwenda isipokuwa chini, kwa watu. Mwezi wa Aprili 2024 mabwawa yote yalikuwa yamejaa, na wakazi wa chini wakaonywa wahame. Nami nitasema hapa jambo ambalo nimelisema katika mikutano mingi: onyo la namna hiyo halina budi kumfikia mwalimu mkuu wa kila shule ya ukingoni kwa jina lake na kwa simu yake, kabla ya kutangazwa redioni, kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo za nyumba ambamo kijiji kizima kitakimbilia.

Hilo ndilo jambo ambalo wageni hawalielewi kwa wepesi. Katika vijiji vya mtoni, kila nyumba ni ya mtu, kila shamba ni la ukoo, kila malka ina wenyewe, na msikiti una waumini wake kama vile kanisa lilivyo na wake. Shule pekee ndiyo isiyo ya ukoo wowote. Imejengwa kwa jasho la wote, mara nyingi mahali palipoinuka kuliko penginepo, na kwa sababu hizo mbili maji yanapokuja watu wote hukimbilia huko. Kisha muhula unafika. Na hapo inazuka taabu ambayo sikufundishwa chuoni namna ya kuitatua: wanafunzi wanatakiwa kuingia katika madarasa, na madarasa yamejaa watu waliopoteza kila kitu, ambao wengi wao ni wazazi wa wanafunzi hao hao.

Nilikutana na taabu hiyo mara ya kwanza Januari 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza Oktoba mwaka uliopita, mwezi ambao pia sisi walimu tulikuwa tumegoma nchi nzima kwa ajili ya mishahara, nazo hazikukoma. Hata uchaguzi mkuu, uliokuwa umepangwa kumalizika siku moja tarehe 29 Desemba, ulilazimika kuendelea hadi siku ya pili kwa kuwa vifaa vya kupigia kura havikuweza kufika mahali pengi. Mradi mkubwa wa serikali wa kumwagilia mpunga maji katika nyanda za mwisho wa mto uliharibiwa kabisa. Upande wa Garissa ikazuka homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na ikaua watu, na wafugaji waliokuwa matajiri mwezi wa Septemba wakafika Januari hawana cha kuuza, kwani hata yule ng'ombe aliyebaki hapana aliyethubutu kumchinja wala kumnunua.

Shule yetu ilikuwa na madarasa sita, mawili ya saruji na bati, na manne ya udongo na makuti. Yale manne yalilegea kama mkate uliotiwa katika chai, yakaanguka. Katika yale mawili yaliyobaki walikuwamo Wapokomo wa vijiji viwili vya jirani, na katika uwanja, juu ya sehemu iliyokauka, walikuwako Waorma waliofukuzwa na maji kutoka manyatta zao, pamoja na mbuzi wachache waliosalia. Mwalimu mkuu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na siku ambayo muhula ulipaswa kuanza alipiga kengele yetu, ambayo ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa katika mwembe, akaipiga saa mbili kamili kama kwamba hapana jambo lolote lililotokea duniani. Watoto wakatoka katika makundi ya wazazi wao wakajipanga mistari. Wengine walikuwa na shati la sare bila ya suruali, wengine suruali bila ya shati. Baada ya kuwahesabu aliwaambia wakae chini, kisha akawageukia wakubwa akawaita barazani.

Nimehudhuria mabaraza mengi tangu siku ile, lakini hilo ndilo linalonijia akilini kila nisikiapo neno ushirikiano. Walikaa wazee wa gasa ya Wapokomo upande mmoja, na wazee wa Waorma waitwao matadeda upande wa pili, na wanawake nyuma yao, na baina yao tulisimama walimu watano ambao hatukuwa hata na chaki. Ilisomwa dua, ikafuatiwa na sala. Mwalimu mkuu alisema maneno machache tu, kwamba hatamtoa mtu yeyote katika darasa wala hatamrudisha mtoto yeyote nyumbani, na kwamba yeye peke yake hajui namna ya kuyafanya mambo hayo mawili kwa pamoja, basi anawaomba wao wamfundishe. Kisha akakaa. Kimya kilikuwa kirefu. Ilikuwa ni aibu kubwa kwa mtu mzima kuombwa shauri na mwalimu na kukosa la kumjibu.

Aliyevunja kimya hicho alikuwa mwanamke wa Kiorma, mtu mzima, ambaye alisema pasi na kusimama kwamba nyumba haijengwi kwa saruji tu. Wasiojua na wajue kwamba kwa Waorma wanaojenga nyumba ni wanawake: hukata fito, huzipinda zikawa kuba, wakazifunika kwa mikeka waliyoisuka wenyewe, na kazi nzima huwa imekwisha kabla ya jua kutua. Akasema kwamba wakipewa fito na vijana wa Kipokomo wa kuzikata na kuzivusha kwa mitumbwi, wao watajenga madarasa manne katika siku tatu. Mzee mmoja wa gasa akamwuliza, "Mama, mikeka mtaitoa wapi, nanyi wenyewe mnalala juu ya tope?" Naye akamjibu, "Baba, hiyo tunayolalia."

Hayakuwa madarasa manne, yalikuwa matatu, wala hayakuchukua siku tatu, yalichukua wiki moja na siku mbili, kwa sababu fito zilikuwa mbali na mamba walikuwa karibu. Katika moja kati ya hayo nilifundisha darasa la nne mpaka mwisho wa Machi. Mwanga uliingia kupitia vitundu vya mikeka ukafanya nukta juu ya nyuso za watoto, na ulipovuma upepo nukta zile zilitembea, nami ilinibidi kungoja zitulie ili waache kuzitazama. Darasa moja la saruji lilibaki kwa wagonjwa, wajawazito na vikongwe. La pili tuligawana zamu, wadogo asubuhi na darasa la nane alasiri. Zama zile elimu ya msingi haikuwa bure, kwani msamaha wa karo haukuja ila Januari 2003, na mzazi alitarajiwa kuchangia vifaa, madawati na majengo. Mwalimu mkuu alifungua daftari jipya, akaandika michango kwa jinsi ilivyofika: kambare waliokaushwa, mikeka, kuni, siku za kazi, safari za mtumbwi. Sisi walimu tulikula kambare hao. Nililitazama daftari lile miaka mingi baadaye, nikaona kwamba hapana hata jina moja lililokosa kitu mbele yake.

Sitaki msomaji apate picha ya watu waliokuwa malaika. Watu hawa hawa, au ndugu zao, mwaka 2012 waliuana. Kuanzia Agosti mwaka ule, kwa ugomvi wa malisho, maji na mashamba, na kwa uchochezi wa mambo mengine ambayo tume na mahakama zimeyazungumza, vijiji vya Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani vilishambuliwa kimoja baada ya kingine, wanawake na watoto wakiwamo miongoni mwa waliouawa. Muhula wa tatu ulikuwa unapaswa kuanza wakati huo huo, na walimu wa nchi nzima walikuwa wamegoma tena tangu tarehe 3 Septemba, hata madarasa yalipofunguliwa baada ya kama wiki tatu, kwetu mtoni wako watoto ambao hawakuja na wako ambao hawatakuja tena kamwe. Nilikuwa nimekwisha kuhamishwa, lakini nilikwenda. Nilikuta watoto wa pande mbili wamekaa katika safu mbili zisizotazamana, na mwalimu kijana amesimama mbele yao hajui aanze na lipi. Ilichukua muda mrefu sana kuzirudisha safu zile kuwa moja. Sijui kama zilirudi zote.

Kwa sababu hiyo nilikuwa na hofu moyoni niliposhuka Garsen tarehe 13 Mei. Barabara ya kuelekea Lamu ilikuwa imeingiliwa na maji upande wa Gamba, na kutoka pale nilipofika palikuwa hapana njia ila mtumbwi. Mwenye mtumbwi alinitazama usoni, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akanitajia darasa na mwaka, nikamkumbuka: alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakikodolea macho nukta za mikeka. Hakukubali nauli. Akanieleza, huku akipiga kafi, kwamba shule bado haijafunguliwa lakini watu wote wako kazini, na kwamba yeye na wenziwe watatu wamekwisha kukubaliana zamu ya kuwavusha watoto kila asubuhi hadi maji yatakapopungua, watoto wadogo wakikaa katikati na mmoja mkubwa mbele wa kuangalia viboko.

Nilikuta kazi imefika katikati. Siku hizi madarasa yote ni ya mawe na bati, hayakuanguka, lakini maji yalikuwa yameingia hadi kiasi cha goti na kuacha tope zito, na katika matatu kati yake walikuwa wangali wakikaa watu wasio na makao. Uani walikuwako akina mama wamekaa juu ya turubai, mbele yao vitabu vilivyoloa, na kila mmoja alikuwa akifungua kurasa moja moja na kutia kipande cha jani kavu la mgomba baina yake ili zisigandamane. Nilimwuliza mmoja wao kama anajua ni kitabu cha somo gani. Akanijibu kwa upole kwamba hajui kusoma, bali amemwona mwanawe akikishika kwa mikono miwili, basi amekadiria kwamba ni cha thamani. Nilikaa chini nikatwaa kitabu kingine, na kazi ile tuliifanya hadi alasiri.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mwanamke, mtu wa bara kwa asili, aliyeletwa huku na Tume ya Huduma za Walimu na ambaye kwa miaka aliyokaa amekwisha kujifunza kusalimu kwa Kipokomo na kwa Kiorma. Alikuwa amechoka mpaka macho yamemwingia ndani. Vitabu havikuwa ndiyo shida yake kubwa, wala tope. Shida yake kubwa ilikuwa vyoo. Vya zamani vilikuwa vimezama vikabomoka na uchafu wake ukaenea, na afisa wa afya ya umma, kwa haki kabisa, alikuwa amekataa shule ifunguliwe kabla ya kuchimbwa vingine, kwa kuhofia kipindupindu. Ila katika ardhi ile, baada ya mafuriko, shimo halifiki kimo cha mtu kabla ya maji kuchipuka chini yake. Vijana walikuwa wamechimba mara mbili na mara mbili yakajaa. Suluhisho lililetwa na fundi mmoja mzee ambaye alishauri wapande juu badala ya kwenda chini: wakajaza magunia mchanga, wakayapanga yakawa kama jukwaa, wakajenga choo juu yake chenye ngazi. Watoto walicheka sana walipokiona. Afisa wa afya alikipanda, akakikagua, akatia sahihi.

Palikuwa bado na hasara nyingine, ambayo haikuletwa na mto. Siku ile ile ya tarehe 13 Mei walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi nchini kote, ambao ni zaidi ya 40,000, walianza mgomo wakidai waajiriwe kwa masharti ya kudumu, baada ya mahakama kusema mwezi wa Aprili kwamba kuajiriwa kwao kwa namna ile hakukuwa halali. Sitawalaumu. Nimegoma mwenyewe, na najua kwamba mtu aliyesoma miaka mingi kisha akalipwa posho ya kujikimu hawezi kuambiwa anyamaze kwa kuwa mvua imenyesha. Lakini kwa shule hii ilikuwa na maana kwamba gredi ya saba na ya nane, ambazo zimo katika ua huo huo, hazikuwa na mwalimu. Wazazi walikutana jioni chini ya mwembe, si ule wa kengele ya zamani, ambao uling'oka zamani, bali mtoto wake. Halmashauri ya shule ikaomba waliomaliza kidato cha nne kijijini wajitokeze. Wakajitokeza wanne. Nami nikajikuta nimeinua mkono, ingawa nilikuwa nimekuja kutazama tu, na kwa muda wa wiki mbili nikafundisha Kiswahili na historia, nikilala katika nyumba ya mwalimu mmoja mgomaji ambaye alinipa funguo kwa hiari yake na akaniachia maandalio ya masomo juu ya meza.

Ama lile jambo zito kuliko yote, la watu waliokuwamo katika madarasa matatu, liliamuliwa kabla sijafika, na nilipoelezwa nilimkumbuka mama yule wa 1998. Mahema yalikuwa yameletwa, lakini hayakutosha, na mwinuko ni mdogo. Yalipohesabiwa, mzee mmoja wa Kipokomo ambaye shamba lake la migomba linapakana na shule, na ambaye ndugu yake aliuawa mwaka 2012, aliikata migomba yake iliyobaki hai mahali palipoinuka, akasawazisha ardhi, akasema mahema na yasimamishwe hapo, ya Wapokomo na ya Waorma, na aliyechelewa kuhamia asije akasema hakuambiwa. Nilimtembelea. Sikumwuliza kwa nini, kwa kuwa yako maswali ambayo mtu hamwulizi mwenye nyumba aliyemkaribisha chai. Yeye mwenyewe alinionyesha visiki vya migomba, akaniambia kwamba vimeanza kuchipua.

Yapo mambo ambayo jitihada ya watu wa aina hii haiwezi kuyatimiza, na ni dhuluma kuwasifu kwa uvumilivu ili wengine wasamehewe wajibu wao. Tarehe ya kufungua shule hutolewa Nairobi nayo ni moja kwa nchi nzima, ilhali maji ya Tana hufika kwetu siku kadhaa baada ya mvua kukoma bara, hata inatokea kwamba taifa linaambiwa hatari imepita siku ambayo kwetu ndiyo kwanza inaingia. Kwa nini kaunti isipewe madaraka ya kupanga siku zake, ikafidia masomo yaliyopotea katika likizo, kwa mujibu wa maji yake? Kwa nini shule mpya ijengwe bado katika bonde, kwa kuwa tu kiwanja kilipatikana bure? Na maadamu kila mtu anajua, tangu mafuriko makuu ya 1961 hadi ya El Niño hadi haya, kwamba shule ya ukingoni itakuwa kambi, kwa nini isijengwe tangu mwanzo na banda moja kubwa la ziada, lenye vyoo vilivyoinuliwa na matangi ya maji, likawa ukumbi katika miaka ya heri na makao katika miaka ya dhiki? Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya muhula mmoja uliopotea kwa watoto wa mto mzima.

Shule ilifunguliwa Jumatatu ya tarehe 20, wiki moja baada ya nchi. Mwalimu mkuu alipiga kengele, ambayo siku hizi ni kengele kweli, saa mbili kamili, lakini hakufungua daftari la mahudhurio. Alilishika kifuani akasimama kwenye gati la magogo mpaka mtumbwi ulipokwisha safari yake ya tatu, kisha ndipo akaanza kuita majina. Wengi waliitika. Majina kumi na moja hayakuitikiwa, naye mbele ya kila moja aliacha nafasi wazi, wala hakutia alama ya kutokuwapo.

Alasiri ile naibu wa chifu na mimi tulipewa mtumbwi na karatasi yenye majina hayo, tukaenda kuyatafuta. Watatu walikuwa wamehamia kwa jamaa zao Hola, nasi tukaandika. Mvulana mmoja alikuwa amepelekwa mbali pamoja na ng'ombe, na baba yake aliahidi kumrudisha mwezi ukiandama. Nataraji kwamba alimrudisha. Msichana mmoja wa gredi ya saba tuliambiwa ameposwa, na naibu wa chifu alibaki pale kwa mazungumzo marefu ambayo hayakuisha siku ile wala ya pili yake. Watano tuliwakuta katika kambi moja ya mbali kidogo, wazima, wakivua samaki. Aliyebaki alikuwa msichana mdogo wa gredi ya pili, ambaye tulimkuta jioni mlangoni mwa hema la mwisho kabisa, akimpakata mdogo wake, na mama yake akipika.

Mama hakusema kwamba hana sare wala hana daftari, ingawa ni wazi kwamba hakuwa navyo. Alitusikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chungu, kisha akaniuliza mtumbwi wa mwisho hupita pale saa ngapi.

"Saa moja na robo, mama," nikamwambia, "na mtoto akichelewa, unamngoja."